Somo la Kazi za Mikono: Bandari ya Kisumu Juu ya Ubao Mmoja

Siku moja ya soko pale Masimba, katika nchi ya Wagusii, lori lilisimama kando ya njia likiwa limejaa ndizi hadi juu, tayari kwa safari ya Nakuru na Nairobi. Utingo alikuwa amekwisha kufunga kamba. Mzee mmoja, mwenye sehemu ya mzigo ule, akazunguka nyuma ya lori, akatazama, akauliza: "Kijana wangu, ndizi za Nakuru ziko wapi?"

"Ziko ndani kabisa, mzee. Zilipakiwa kwanza."

"Na za Nairobi?"

"Ndizo hizi hapa mlangoni."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi tukifika Nakuru usiku, tutashusha za Nairobi zote barabarani ndipo tuzifikie za Nakuru?"

Kamba zikafunguliwa. Lori likapakuliwa na kupakiwa upya, na muda wa saa mbili ukapotea. Wale vijana hawakuwa wavivu, tena nguvu walikuwa nazo. Walikosa kujiuliza, kabla ya kuinua mkungu wa kwanza, ni mkungu upi utakaotangulia kushuka.

Somo letu la juma hili lahusu jambo hilo hilo, ila kwa upande wa reli, ambako makosa ya namna hii ni mazito zaidi. Katika lori, mtu mwenye mabega mapana aweza kuvuta mkungu wa chini na kuupitisha juu ya mingine. Behewa la reli haliwezi kurukia behewa lingine. Likiwa la tatu katika mstari, hapana budi yale mawili yaliyo mbele yake yaondolewe kwanza, yatafutiwe mahali pa kukaa, kisha yarudishwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi hiyo ya kuyapanga na kuyapangua mabehewa hufanyika katika kila stesheni kubwa, na abiria aliye dirishani huiona asijue maana yake: injini moja ndogo yaenda mbele, yarudi nyuma, yaacha behewa hapa na kuchukua lingine pale.

Tutaonyesha jinsi ya kujenga uwanja mdogo wa reli wa namna hiyo, juu ya ubao usiozidi sentimita 130 kwa 35, kwa vitu vinavyopatikana katika soko la kijijini. Hauhitaji umeme wala mashine ya kununua ng'ambo. Ukikamilika utakaa juu ya meza ya nyumbani au ya darasani, na utampa mjenzi wake mafumbo ya kufikiri kwa miaka mingi.

Kwa nini Kisumu

Reli haikufika katika vilima vya Gusii. Walakini mazao ya vilima hivyo yaliijua reli tangu zamani. Njia ya Relwe ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, baada ya zaidi ya kilomita 900. Mahali pale palipewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji wa reli. Ndipo mahali panapojulikana kwa jina la Kisumu.

Jambo moja la Kisumu litampendeza kila fundi. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuunganishwa tena huko. Ikashushwa majini mwaka 1900, reli yenyewe ikiwa haijafika bado. Vipande vingi vilibebwa na wapagazi. Basi kazi ya kuunganisha kitu kikubwa kutoka vipande vidogo si ngeni katika pwani ile ya ziwa.

Katika miaka ya 1930 Wagusii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya walioruhusiwa kupanda kahawa ya kuuza. Mizigo ya nyanda zao iliteremka hadi Kendu Bay, ikapakiwa melini, ikavuka ghuba hadi Kisumu, na huko ikaingia katika mabehewa. Ndiyo maana tumeichagua Kisumu iwe mfano wetu. Kijana wa Masimba atakayeijenga atakuwa anajenga mlango ambao kahawa ya wazee wake iliutumia kuingia ulimwenguni.

Tutachukua hali ilivyokuwa mwaka 1960 hivi. Wakati ule reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, lililoundwa mwaka 1948. Baadaye kidogo katika miaka ya 1960 zilikuja meli za Umoja na Uhuru, zenye reli juu ya sitaha zao, zikaweza kubeba mabehewa mazima mazima. Kabla ya meli hizo, kila gunia lilihamishwa kutoka behewani hadi melini. Behewa lililohitajika likiwa nyuma ya mengine manne, wachukuzi walikaa bure gatini na meli ikangoja.

Vipimo

Kila kitu katika reli ya mfano hutegemea kipimo kimoja, nacho kisibadilike katikati ya kazi. Sisi tutatumia moja kwa hamsini: kila mita ya kweli itakuwa sentimita 2 kwetu. Reli ya zamani ya Afrika ya Mashariki ina upana wa mita moja kamili baina ya vyuma vyake viwili. Kwa hiyo reli yetu itakuwa na upana wa milimita 20. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, ni pana zaidi, milimita 1,435. Atakayetaka kuiga hiyo kwa kipimo chetu ataacha nafasi ya milimita 29 kasoro kidogo.

Mtu mzima wa kimo cha mita 1.7 atakuwa na sentimita 3.4. Mgomba wa mita 4 utakuwa na sentimita 8. Meli kubwa za ziwa kama Usoga na Rusinga zilizidi mita 60, maana yake kwa kipimo chetu ni zaidi ya sentimita 120, karibu urefu wa ubao wetu mzima. Kwa sababu hiyo hatutajenga meli. Tutajenga ukingo wa gati na mashua moja ya sentimita 16, nayo itatosha kumjulisha mtazamaji kwamba amefika ziwani.

Ubao

Tafuta plaiwudi ya milimita 12, iliyonyooka na kukauka vizuri. Ikate sentimita 130 kwa 35. Chini yake pigilia fito za mbao za sentimita 2 kwa 4 pande zote nne na moja katikati, ili usipinde. Mbao mbichi haifai hata kidogo; itajikunja inapokauka na kuvuruga reli zote zilizo juu yake. Ukiinunua kwa fundi wakati wa mvua, iweke ndani ya nyumba majuma mawili kabla ya kuikata.

Juu ya ubao huo chora mstari mmoja wa katikati, tangu mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Piga alama sentimita 4 kutoka kushoto. Hapo ndipo patakapokaa mhimili wa kazi yote.

Njia tatu na ubao wa kugeuza

Katika stesheni ya kweli, injini huhama kutoka njia moja hadi nyingine kwa kupitia vyuma vinavyosogezwa, ambavyo watu wa reli huviita pointi. Kuzitengeneza kwa mkono ni kazi ngumu kwa mwanafunzi. Tutatumia njia rahisi zaidi, ambayo wajenzi wengi wa reli za mfano huitumia mahali palipo pembamba: kipande cha ubao chenye reli juu yake, kilichofungwa kwa msumari upande mmoja, kinachozunguka upande wa pili ili kuelekea njia moja kati ya tatu. Twakiita ubao wa kugeuza.

Kata kipande cha plaiwudi ya milimita 6, urefu sentimita 57 na upana sentimita 7. Toboa tundu sentimita 2 kutoka mwisho wake wa kushoto, ukifunge kwa parafujo juu ya ile alama uliyoipiga. Toka kwenye tundu hadi mwisho wa kulia ni sentimita 55. Funga uzi na kalamu kwenye parafujo, uchore tao la sentimita 55, kisha ukate mwisho wa kulia wa kipande ufuate tao hilo. Sehemu ya ubao mkubwa iliyo upande wa kulia wa tao uifunike kwa plaiwudi nyingine ya milimita 6, nayo ikatwe kwa tao lile lile, ili njia zote ziwe kimo kimoja. Acha nafasi ya milimita moja baina ya vipande viwili. Paka mshumaa chini ya ubao wa kugeuza ili uteleze.

Sasa weka alama tatu kwenye tao: moja katikati, na nyingine mbili kila upande, sentimita 6 kutoka ile ya katikati. Kutoka alama hizo chora njia tatu zilizonyooka, kama mishipa ya jani inavyotoka kwenye kikonyo.

Njia ya kwanza ni ya katikati, urefu sentimita 65. Hii ni njia ya gati.

Njia ya pili ni ya nyuma, urefu sentimita 40. Hii ni njia ya ghala.

Njia ya tatu ni ya mbele, urefu sentimita 40. Hii ni njia ya mafuta.

Vipimo hivi havikubahatishwa. Kila behewa letu, pamoja na viungo vyake, litakuwa na sentimita 12, na injini sentimita 15. Basi njia ya gati itapokea mabehewa matano, si sita. Ghala na mafuta zitapokea matatu matatu, si manne. Na ubao wa kugeuza utabeba injini na mabehewa matatu, wala behewa la nne halitaingia. Ukiongeza urefu kwa huruma, utaliua fumbo lote. Mpango huu wa tano, tatu na tatu ulibuniwa na Mwingereza Alan Wright, akauita Inglenook, nao umeigwa na wajenzi wa nchi nyingi. Ubao wa kugeuza hauyabadilishi masharti yake.

Kwa mataruma, kata vijiti vya mbao vya milimita 36 kwa 4, unene milimita 3, uvipange kila milimita 14. Kwa vyuma vya reli, nenda kwa fundi wa baiskeli ukamwombe spoki za zamani. Spoki ina unene wa milimita 2 hivi, nayo kwa kipimo chetu ni sawa na reli nyepesi ya kweli yenye kimo cha sentimita 10. Inyooshe, isugue kwa msasa, kisha ukunje ncha zake mbili kuelekea chini kwa koleo, kama miguu ya kiti. Toboa matundu katika ubao, uzipenyeze ncha hizo, na katikati ushike chuma kwa gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Kabla gundi haijakauka, pitisha kati ya vyuma kipande cha mbao kilichorandwa milimita 20 kamili. Kikikwama au kikicheza, rekebisha hapo hapo.

Anza na reli ya ubao wa kugeuza. Ikikauka, elekeza ubao kwenye njia ya kwanza, utoboe tundu moja linalopita katika ubao wa kugeuza hadi ubao wa chini, uchomeke msumari. Huo ndio ufunguo wa njia. Ndipo utandike reli za njia ya kwanza, ukizianzia pale reli za ubao wa kugeuza zilipoishia. Fanya vivyo hivyo kwa njia ya pili na ya tatu. Tangu siku hiyo iwe sheria nyumbani mwako: hakuna gari litakalovuka tao mpaka msumari uwe tunduni. Watu wengi wamekufa katika reli za dunia kwa sababu njia haikufungwa kabla treni haijapita.

Mabehewa na injini

Fanya mabehewa manane. Sakafu ya kila moja ni mbao ya sentimita 10 kwa 4.5, na viungo vya waya vitatimiza zile sentimita 12. Gurudumu hufanywa kwa vipande viwili: kisahani cha mbao cha kipenyo cha milimita 14, kilichogundishwa juu ya kisahani cha bati la kopo cha milimita 17. Lile bati linalozidi ndilo ukingo unaozuia gurudumu lisitoke relini, nalo hukaa upande wa ndani. Ekseli ni spoki. Kutoka uso wa nje wa ukingo mmoja hadi uso wa nje wa ukingo wa pili pawe milimita 19, ili ibaki nafasi ya nusu milimita kila upande.

Mabehewa matatu yawe ya kufunikwa, kwa kahawa na pareto. Matatu yawe wazi, kwa makaa na mbao. Mawili yawe matangi ya mafuta, na mwanzi uliokatwa vizuri wafaa sana kwa tangi. Yapake rangi ya kijivu, uyaandike namba 1 hadi 8 pande zote mbili. Kiungo kiwe kulabu upande mmoja na pete upande wa pili, ili utumie kijiti chenye ncha ya waya kuyaunga na kuyafungua.

Injini ni kipande cha mbao chenye magurudumu, kinachosukumwa kwa kidole. Wakati ule shirika la reli lilikuwa na injini maalum za kupangia mabehewa, zikiitwa darasa la 13, zilizoundwa Glasgow katika miaka ya 1950. Zetu ni fupi zaidi, lakini rangi yaweza kuwa ile ile ya injini za moshi za siku zile, damu ya mzee. Atakayebahatika kufika Nairobi aende Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, akazione injini zenyewe kwa macho na kuzichora.

Jaribu kabla ya kupamba

Hapa mwandishi wa somo hili ataungama kosa lake. Alipojenga ubao wake wa kwanza, reli zilipokauka alifurahi mno, akataka kuona mchanga na majani jioni ile ile. Akamwaga mchanga baina ya mataruma, akanyunyizia gundi na maji, akaenda kulala. Asubuhi ubao wa kugeuza haukusogea. Gundi ilikuwa imepenya chini yake usiku kucha na kuushika kama msumari wa inchi sita. Alipoung'oa kwa kisu, uling'oka na reli zake. Tena aligundua, akiisha kuchelewa, kwamba njia ya tatu ilikuwa nyembamba kwa milimita moja, na mabehewa yasingepita hata kama gundi isingemwagika. Jioni za majuma matatu zilipotea.

Kwa hiyo, ewe msomaji, jaribu kwanza. Sukuma kila behewa, moja moja, katika kila njia mara kumi kwenda na mara kumi kurudi. Kisha sukuma matatu pamoja ukiyatanguliza mbele ya injini, maana mabehewa husimama imara yanapovutwa na kutoka relini yanaposukumwa. Palipo na kasoro, rekebisha ubao ungali mtupu. Kosa lililo chini ya mchanga huonekana mwisho, nalo ni gumu kuliko yote kuondoa.

Mandhari

Sasa ardhi. Pembe ya mbele upande wa kulia, baada ya njia ya mafuta kuisha, ndipo mahali pa ziwa. Hapo usiweke plaiwudi ya juu. Uachie ubao wa chini wazi, ili maji yawe chini ya gati kwa milimita 6 au zaidi. Paka rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, nzito katikati na nyepesi ukingoni. Ikikauka, paka vanishi tabaka tano au sita, kila moja ikauke siku nzima. Usipake buluu, maji ya Kisumu karibu na gati hayana rangi ya mbingu. Tena usiweke magugu maji, kwa kuwa yalivamia ziwa katika miaka ya karibuni zaidi, na ubao wetu ni wa mwaka 1960.

Ukuta wa gati waweza kutengenezwa kwa vumbi la jiwe laini la Tabaka, lile wachongaji wa Kisii wanalolitupa chini ya meza zao. Lichekeche, ulichanganye na gundi nyeupe mpaka liwe kama uji mzito, ulipake kwa kisu. Likikauka hufanana na saruji iliyochakaa. Mchongaji mwenye mkono mwepesi atakuchongea pia watu wa sentimita 3.4 kwa jiwe lile lile: wachukuzi wawili wenye magunia, karani mwenye daftari, na mama mwenye kikapu kichwani.

Nyuma ya njia ya ghala inua ardhi kidogo. Bandika vipande vya karatasi ngumu, uvifunike kwa magazeti yaliyolowekwa katika gundi ya unga. Juu yake mwaga udongo uliochekechwa kwa kitambaa; uukaange kwanza katika kikaango, ili wadudu wafe. Baina ya mataruma weka mchanga wenye punje za milimita moja, kwani kokoto ya kweli ni ya sentimita 5 hivi. Changanya gundi nyeupe na maji kiasi sawasawa, utie tone moja la sabuni ili mchanganyiko uzame mchangani, udondoshe kwa bomba la sindano. Karibu na tao tumia brashi kavu na gundi kidogo sana, ubao wa kugeuza ukiwa umeondolewa.

Ghala lijengwe kwa karatasi ngumu, sentimita 30 kwa 8. Mabati ya paa yasifanywe kwa karatasi ya makasha yenye mikunjo. Mikunjo ile ni mipana mno, na kwa kipimo chetu bati moja lingekuwa na mawimbi ya kumficha mtoto. Chukua karatasi ya aluminiamu, uikandamize kwa ukucha juu ya kitana chenye meno membamba. Ipake kutu hapa na pale kwa rangi ya udongo. Nyasi ni nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kutiwa rangi. Majani ya mgomba ni karatasi ya kijani ya sentimita 4, iliyokunjwa katikati na kuchanwa kando, kama upepo unavyoyachana.

Usijaze. Kati ya vitu vitatu unavyotaka kuweka, weka kimoja. Uwanja wa reli ni mahali pa kazi, na mahali pa kazi pana nafasi tupu, madoa ya mafuta na njia zilizokanyagwa na miguu.

Kazi yenyewe

Weka mabehewa 1, 2, 3, 4 na 5 katika njia ya gati, namba 1 likiwa karibu na tao. Weka 6, 7 na 8 katika njia ya ghala. Njia ya mafuta iwe tupu, na injini iwe juu ya ubao wa kugeuza, upande wa kushoto.

Tuseme karani ameagiza behewa la 3 litangulie, kisha 1, 2, 4 na 5. Vuta 1, 2 na 3 hadi ubao wa kugeuza. Geuza kuelekea njia ya mafuta, sukuma, uache behewa la 3 peke yake. Rudi na 1 na 2, geuza kuelekea gati, uyasukume mpaka yafike kwenye 4 na 5, uyaache. Geuza tena, ukalichukue la 3. Geuza mara ya nne, ulirudishe gatini. Agizo limetimia, na ubao umegeuzwa mara nne tu.

Hilo lilikuwa jepesi. Andika namba 1 hadi 8 kwenye kadi nane, uzichanganye, uvute tano. Mfuatano wa kadi ndio mfuatano wa treni utakayoiunda katika njia ya gati. Maagizo yanayoweza kutokea ni 6,720, kwa hiyo usiogope kwamba utayazoea. Wawili wakicheza, mmoja awe karani na mwingine awe dereva. Anayegeuza ubao mara chache zaidi ndiye fundi.

Utagundua jambo moja mapema. Njia zote tatu zina nafasi kumi na moja, na mabehewa ni manane. Nafasi tupu ni tatu tu. Mwenye haraka huzijaza zote tatu kwa hatua yake ya kwanza, kisha hana pa kugeukia. Mwenye busara hutazama kwanza mwisho wa safari, akaiacha angalau nafasi moja wazi mpaka atakapoihitaji.

Kama katika mtaa wenu yuko mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli huko Kisumu, Nakuru au Muhoroni, mwalike mbele ya ubao huu, umkabidhi kijiti cha kufungulia viungo. Yeye aliifanya kazi hii kwa mabehewa ya kweli, usiku na mvuani, wala haikuandikwa yote katika vitabu. Mwulize, umsikilize, uandike asemayo. Na siku lori litakaposimama Masimba likingoja ndizi, kijana aliyecheza na mabehewa manane atajua mkungu upi uingie kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini njia ya ghala isifanywe ndefu kiasi cha kuingiza mabehewa manne?

2. Nguzo ya taa ina kimo cha mita 7. Kwa kipimo chetu itakuwa na sentimita ngapi?

3. Anza na mpango ule ule wa mwanzo. Lilete behewa la 4 mbele ya mengine yote katika njia ya gati, njia hiyo ikiwa na mabehewa matano. Mfuatano wa manne ya nyuma haudhuru. Njia ya ghala isiguswe.